Pampu Iliyoazimwa Namwinda

Jumapili, 4 Januari

Baba Somoe,

Mwanao amerudi mjini Magomeni leo asubuhi kwa mumewe. Kabla hajapanda pikipiki amenipa daftari hili. "Mama, ukitaka kuongea na baba andika humu. Usiongee na sufuria, watu watasema." Nimecheka kidogo, mara ya kwanza tangu uzikwe.

Basi nakuandikia. Niko kwenye eda, nimejifunga kaniki, sitoki uani. Mwenyekiti Mikaeli amesema nikae kwanza katika nyumba hii ya jumuiya ya maji mpaka apatikane fundi mwingine wa kushika nafasi yako, na ufunguo wa stoo ya vifaa nibaki nao mimi. Alisema kwa sauti yake ile ya kufoka. Hata pole huyu bwana anaifoka.

Bombani yuko jirani yetu Luisa. Anawafungulia watu maji asubuhi na jioni, halafu anakuja kukaa na mimi mkekani. Anasema kila akishika koki anakusikia ukimwambia, "Taratibu, Luisa, bomba si ng'ombe."

Kwenye fremu ya mlango bado pana alama ya grisi ya mkono wako. Somoe alitaka kuifuta. Nimemkataza.

Jumanne, 6 Januari

Mvua. Nimekula.

Alhamisi, 15 Januari

Redio ilisema tangu juzi kwamba kimbunga kitapita Msumbiji na sisi huku Chikongo tutapata mkia wake tu. Mkia huo umeng'oa bati tatu za jiko na kuangusha mipapai yote. Upepo ulianza baada ya adhuhuri ukitokea baharini. Nilikaa chini ya meza yetu na Luisa na kuku wake wawili. Luisa akasema, "Dada, kama mkia ni huu, kichwa chake kimefikia wapi?"

Ulipotulia nikasikiliza. Pampu ilikuwa inanguruma kibandani kama kawaida. Nikasema alhamdulillahi, nikalia kwa ajili yako, maana wewe ndiye uliyekifunga kibanda kile kwa mawe na saruji wakati watu wanakucheka.

Jumamosi, 17 Januari

Habari za bondeni. Ruvuma imefurika na bahari nayo imepanda, vimekutana katikati ya Namwinda. Wamezika watu. Kibanda chao cha pampu kilizama mpaka paa, na mota imekunywa maji ya chumvi. Luisa ni mzaliwa wa huko, wazazi wake walivukia pale wakati wa vita ya Msumbiji. Leo hakusema mzaha wowote.

Jumatatu, 19 Januari

Leo nina mengi.

Amekuja Lourenco, katibu wa jumuiya ya maji ya Namwinda, na wenzake wawili, matope hadi magotini. Wameketi barazani kwetu pamoja na Mikaeli na kamati. Mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia.

Luisa alipomwona Lourenco akamwambia, "Wewe ntu mzima, hata suruali umeazima?" Kweli ilikuwa imembana.

"Yangu imekwenda baharini, dada. Ikirudi nitakuita uifue."

Wakacheka. Lourenco akasema alichokijia. Watoto wanakunywa maji ya chumvi. Mota yao wanaipeleka mjini, wamekuja mafundi wa mamlaka za maji za mikoa mingine kusaidia, lakini foleni ni ndefu kwa sababu pwani nzima mota zimelowa. Anaomba pampu yetu ya akiba.

"Mlitia saini na sisi tukatia," akasema. "Kijiji kikipatwa, mwenye akiba anatoa."

Unaukumbuka mkutano ule wa mjini. Ulirudi na kichupa kidogo cha maji ya dukani, ukasema jumuiya zote za maji zimekubaliana kusaidiana wakati wa maafa, na mamlaka ya mjini pia. Kichupa tulikinywa wawili, ukisema yetu ni matamu zaidi.

Mikaeli akajibu, "Saini naijua. Masika ndiyo kwanza inaanza. Yetu ikifa kesho, watu hawa niwape saini wanywe?"

"Fundi angekuwepo angetuambia," akasema Erasto wa kamati.

Halafu Mikaeli akageukia pazia. "Mama Somoe, unatusikia? Marehemu alisemaje kuhusu pampu hii?"

Nikasema, "Alisema akiba ni ya aliyepatwa."

"Hakusema yupi?"

"Hakusema."

Nikaupitisha ufunguo chini ya pazia. Niliona kidole cha Mikaeli kikiuvuta polepole, kama mtu anayenyang'anywa. Moyoni nikamwona mtu mgumu.

Wameifunga pampu kwenye pikipiki ya matairi matatu na kuifunika turubai. Lourenco alikuja kuinama mbele ya pazia. "Mama, tutairudisha kwa heshima yake mwenyewe aliyelala."

Jumamosi, 31 Januari

Namwinda wana maji. Luisa amecheza uani peke yake bila ngoma. Nimefurahi pia, Baba Somoe. Niliona kama umetoka kazini.

Jumatano, 11 Februari

Radi imepiga nguzo ya umeme karibu na kibanda. Moshi umetoka mlangoni. Mota yetu imeungua.

Alhamisi, 12 Februari

Erasto ameipeleka mjini kwa Dawood, yule mwenye duka la mabomba, ambaye ana mtu wa kusuka mota. Dawood amesema waya wa shaba umeisha, mota zote za pwani zimepita kwake, na wale mafundi wageni wamekwisha rudi makwao. Shehena nyingine iko Dar na barabara imekatika. Mvua haijaacha.

Mamlaka ya mjini wameleta boza la maji jioni. Wamegawa na vidonge vya kutibu maji. Watu wamewashika mikono wale vijana kama maharusi.

Jumamosi, 14 Februari

Kamati imekaa tena barazani. Erasto amesema twende Namwinda tuichukue pampu yetu. Wazee wamemkatalia. Watu wale wamezika, wamepoteza mpunga wote, tutawaendeaje kudai? Aibu yetu itasikika mpaka ng'ambo ya mto. Wakishapata nafuu wataileta wenyewe.

Mikaeli akampigia Lourenco simu mbele yetu. Nilisikia yote.

"Hali za huko, ndugu?"

Upande wa pili ukajibu tunashukuru.

"Wagonjwa?" Tunashukuru. "Maji yanatoka?" Yanatoka, tunawaombea kila siku. "Na sisi tunashukuru. Mvua tu."

Wakaagana. Mikaeli hakuitaja pampu. Wala hakusema kwamba yetu imeungua, maana kusema hivyo ni kudai. Akaiweka simu mfukoni na kukaa akiangalia miguu yake. Nami sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningeuliza habari za kuku na mbuzi kisha nikate.

Jumatatu, 16 Februari

Boza limekwama kwenye mteremko, limerudishwa na trekta. Hawajaleta.

Alhamisi, 19 Februari

Tumeanza kufunga. Maji tunachota kwenye visima vya mchanga kule kijitoni, yana rangi ya chai. Nachemsha kuni zikiwaka. Kuni zenyewe zimelowa. Luisa hafungi lakini amekataa kunywa mbele yangu. Anakwenda nyuma ya choo kunywa maji yake kama mtoto anayeiba sukari.

Jumapili, 22 Februari

Mvua. Hawajaleta.

Jumanne, 24 Februari

Mvua. Hawajaleta. Vidonge vimeisha.

Ijumaa, 27 Februari

Tumegombana na Luisa. Hatujawahi.

Alikuja akiwa amejifunga mtandio kiunoni. "Nakwenda Namwinda. Mimi wa kwao. Nitamwambia Lourenco toa pampu ya watu."

Nikamwambia ngoja. Nikamwambia barabara imejaa maji, na wale wamefiwa, na wewe ni mtoto wao, ukienda kuwadai itakuwa kama umewakana.

"Haya yenu wazee wa huku, dada. Mwenye kiu anaona haya kusema kiu."

"Kwenu ungefanyaje?"

Akafikiri. Akakaa chini. "Kwetu nako ni haya vilevile," akasema. "Wallahi, sijui tumefundishwa na nani." Yeye Mkristo na kuapa anaapa kama sisi.

Akafungua mtandio, akanisaidia kupepeta mchele. Hakwenda.

Alhamisi, 5 Machi

Zahanati wamepokea watoto wanaoharisha maji matupu. Hakuna anayelitaja jina la ugonjwa. Mikaeli amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wachemshe. Amepita na kwangu, amelowa, sauti imemkauka, hawezi tena kufoka. Nimempa kanga ajifutie uso. Nilidhani ni mtu mgumu. Amesimama akitazama kibanda chako, akasema, "Nilimpigia tena jana. Tumeongea habari za mafuriko. Mama Somoe, mdomo haufunguki."

Jumapili, 8 Machi

Sijui niandikeje.

Luisa hakuja asubuhi. Nilimwita juu ya ua, akaitika kwa sauti ya chini kama mtu aliye kisimani. Nilikwenda. Nilitoka uani na kaniki yangu, nikapita mbele ya watu, sikuangalia nyuma. Alikuwa sakafuni. Macho yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Usiku mzima alikuwa anatoka na kurudi, na hakuniita, ati asiniharibie eda.

Nimempakata kwenye pikipiki mpaka zahanati. Alikuwa mwepesi. Huyu aliyekuwa anabeba ndoo mbili na kutukana watu wa foleni kwa wakati mmoja.

Nesi pale ni binti mdogo kutoka Masasi, jina lake Maria. Ukumbini wamelala wagonjwa mpaka mlangoni. Akasema dripu ya mwisho ameitundika alfajiri, nyingine zinatoka mjini, gari liko njiani. Ana pakiti za chumvi na sukari za kunywa, sanduku zima.

"Basi mpe," nikasema.

Akanitazama. "Mama, sina maji ya kuchanganyia. Niliyochemsha yamekwisha, haya mengine ndiyo yaliyowaleta hapa."

Tumechemsha, mimi na yeye, kwa jiko la mkaa nyuma ya jengo. Mkaa ulikuwa unalia kwa unyevu. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka, nimefunga, sijui kama mfungo ulibaki kwa moshi na machozi. Yalipochemka ilibidi yapoe. Nilikuwa nayamimina kutoka bakuli hili kwenda bakuli hili, kutoka hili kwenda hili. Ndiyo kazi niliyoifanya, Baba Somoe, kupooza maji.

Alikunywa vikombe viwili. Vikarudi. Akanywa tena kidogo.

Akafungua macho, akauliza, "Nani yuko bombani? Watu watapigana."

"Hakuna watu, Luisa."

"Basi leo nimepumzika."

Nikamshika kidole gumba, kile chenye ukucha uliopinda tangu alipobanwa na koki. Gari la mjini lilifika na dripu adhuhuri. Yeye alikuwa ametangulia.

Jumatatu, 9 Machi

Amezikwa. Padri hakuweza kufika, Erasto amesoma sala. Kuna waliosema nimevunja eda. Shehe Qasim alipita, akasimama nje ya ua, akasema wasikie, "Dharura ni dharura. Mwacheni mama huyu." Nimerudi ndani.

Kuku wake wamekuja kulala kwangu.

Jumanne, 10 Machi

Mvua.

Alhamisi, 12 Machi

Waya umefika. Dawood mwenyewe ameileta mota iliyosukwa kwa gari lake, akalisukuma gari kwenye matope pamoja na watu, kanzu yake nyeupe imekuwa ya kahawia. Alikuja mpaka karibu na pazia kunipa pole yako ambayo hakuwahi kuitoa. Kisha akamuuliza Mikaeli, "Lakini ninyi mnahangaika na mota hii, ile ya akiba hamjaifunga?"

"Iko Namwinda."

Dawood akashangaa. "Namwinda mota yao imepona tangu kabla ya mfungo. Niliipakia mimi. Lourenco alikuwa dukani kwangu wiki iliyopita. Pampu yenu wameisafisha, wameifunga kanga mpya, imekaa ndani ya kanisa lao. Anatafuta magunia ya mchele kwa mkopo. Anasema chombo cha jirani hawawezi kukirudisha kitupu, na mpunga wao wote umekwenda na maji. Wanachanga. Kila nyumba inatoa kidogo."

Nyuma ya pazia nilikaa chini.

Naijua desturi hiyo, ndiyo yangu. Sijawahi kumrudishia Luisa sahani yake bila kitu ndani, hata ndimu mbili, hata kipande cha muhogo. Siku nisipokuwa na kitu sahani yake inalala kwangu mpaka nipate. Naye vivyo hivyo. Sahani zetu zilikuwa zinakaa ugenini wiki nzima, na hakuna aliyekosa kula.

Wao wanaona haya kuleta, na sisi tunaona haya kudai. Katika yale makubaliano ya mjini wameandika kuazima peke yake. Kurudisha hawakuandika, nadhani waliona kila mtu anajua.

Jumamosi, 14 Machi

Wamekuja. Niliwasikia kabla hawajaonekana, wanawake wanaimba. Pampu mbele, imefungwa kanga nyekundu kama bibi harusi, nyuma gunia la mchele, majogoo, na mkungu wa ndizi. Lourenco amevaa suruali inayomtosha.

Walipofika barazani wakaona watu hawaimbi pamoja nao, nyimbo zikakatika moja moja.

"Dada yangu yuko wapi?" akauliza Lourenco. "Nimemletea jogoo wa kutukanana naye."

Mikaeli akatazama pazia. Nikatoka mwenyewe, na kaniki yangu, nikasimama mbele yake. Nikamwambia, "Luisa tumemzika Jumatatu. Tumbo. Tulikuwa tunakunywa maji ya kijitoni. Mota yetu iliungua na radi."

"Lini?"

"Kabla ya mfungo."

Akahesabu moyoni, nilimwona. Uso ukamshuka. "Na mimi naongea na mwenyekiti kwenye simu," akasema. "Mama, mngetuma hata ntoto. Mngesema neno moja."

"Tuliona haya."

"Na sisi tuliona haya," akasema.

Wanawake wa Namwinda wakaketi chini palepale kwenye matope, wakaanza kuwalilia wafu wa Chikongo, na wale wa kwetu wakatoka kuwalilia wafu wa Namwinda. Mchele ukapikwa. Tulikula sote. Tuliofunga tulisubiri magharibi, nikala kidogo, ulikuwa mchele mzuri.

Jumapili, 15 Machi

Maji yanatoka. Yusufu, fundi kijana kutoka Likombe aliyepewa nafasi yako, amefunga mota iliyosukwa, ile ya akiba imerudi stoo, na ufunguo umerudi kwangu. Bombani amekaa mke wa Erasto. Anafungua koki kwa nguvu.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Somoe ameleta biskuti.

Alhamisi, 9 Aprili

Mto umepanda tena. Simu ya Mikaeli imelia akiwa hapa barazani na Yusufu.

"Imelowa tena," Lourenco akasema bila hata salamu.

"Njooni mchukue. Mtarudisha lini?"

"Yetu ikipona. Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo, ndugu. Na mje mikono mitupu. Mkileta hata yai nitawafukuza."

Yalikuwa maneno makavu kama ya watu waliokosana. Katika mkutano uliopita wa jumuiya za maji mjini Mikaeli aliyasema vilevile mbele ya wote, kwamba waandike: kilichoazimwa kirudi hata kitupu. Ameniambia walicheka kwanza. Halafu akawasimulia habari za Luisa, wakaandika.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua nyepesi. Nimefua kaniki.

Jumapili, 3 Mei

Eda imekwisha juzi. Wanawake walikuja kuniogesha, maji ya bomba, ya kutosha. Nyumba hii ni ya fundi, na fundi sasa ni Yusufu, ana mke na mtoto mchanga. Kesho Somoe ananichukua kwenda Magomeni. Wana bomba ndani, anasema, nitafungua tu. Kuku wa Luisa nimempa Maria wa zahanati.

Leo asubuhi nilikuwa nafunga mkeka nikasikia pikipiki. Lourenco, peke yake. Pampu nyuma, imefungwa kwa kamba ya katani, matope yake ya Namwinda bado yako juu yake, hakuna kanga wala turubai. Mikaeli alikuwa barazani. Lourenco akaiteremsha, akaiweka chini, akabaki amesimama. Hakujua mikono aiweke wapi. Akaiweka nyuma, akairudisha mbele, akaifungua tuone kwamba haina kitu.

"Yetu imepona jana," akasema. "Nimekuja hivi hivi."

Nimeishi miaka yote hii sijaona mtu akipata taabu vile kufanya jambo jema. Jasho lilikuwa linamtoka kipajini na jua halijapanda.

Mikaeli akanyanyuka. Akaishika ile mikono yote miwili kwa mikono yake, akakaa nayo hivyo. Lourenco akageuza uso upande wa kibanda, akalia kimyakimya. Kisha nikamletea maji kwenye kikombe, akanywa, akaondoka.

Nimeufuta ufunguo wa stoo, nimemkabidhi Yusufu. Nimemwonyesha na kaburi lako, nimemwonyesha na la Luisa, asije akapitisha bomba juu yenu.

Baba Somoe, mimi nakwenda mjini, huko sitajulikana na mtu. Uko na Luisa sasa, mna mengi ya kuongea. Mkiwa mnaongea, mnikumbuke.